Siku Nilipobonyeza Ndiyo

Baba,

Sikuulizi habari zako, mwanangu, maana nazijua. Uko kwa wajomba zako unaaga, umeshiba bugali ya nyumba tatu, na kila nyumba imekufungia karanga za njiani. Mimi niko kwenye meza ya maternite, hapa tunapozalishia. Ni saa kumi za jioni, mgonjwa wa mwisho ameshaondoka, nakuandikia kwa biki kwenye karatasi nilizozichana katikati ya kaye, lile daftari la chanjo. Barua hii nitaitia kwenye sanduku lako, chini ya mashati. Ukiikuta, nakuomba usiifungue mpaka ufike Kasongo.

Mambo ya kuchemsha maji, ya chandarua, ya kutovaa soksi mbichi, nimekwambia mpaka umeanza kuitikia kabla sijamaliza. Hayo basi. Humu nimeweka jambo moja nililoshindwa kukuambia usoni, na nakwambia mapema kwamba naogopa. Naogopa tangu kiangazi. Utaona mwenyewe mwandiko ulivyoharibika, na mimi shuleni nilikuwa nasifiwa kwa mwandiko.

Unakwenda Kindu kufundishwa kazi na watu wale wale waliotuletea tableti. Utajua mashine inavyofikiri, utaandika yale maswali inayotuuliza sisi. Jina lako liliposomwa kati ya vijana waliochaguliwa, nililia mbele ya watu, na Wamaza nzima ikasema mama wa Sumaili analia kwa furaha. Nusu ilikuwa furaha. Nusu nyingine ndiyo hii unayoisoma.

Unaikumbuka siku tableti ilipofika. Msimamizi aliishusha kwenye pikipiki ikiwa imefungwa na nguo mbili kama mtoto mchanga, akasema, "Mama Mwamini, kaye zimekwisha. Tangu leo mugonjwa ataandikwa humu." Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wote, maana kaye zangu zilikuwa zimejaa, nyingine zimeliwa na mchwa, na nilidhani nimepata mtu wa kunikumbushia.

Kumbe nilikuwa nimepata bosi. Neno la siri lilitaka herufi kubwa, herufi ndogo, namba na alama, na lisifanane na lile la zamani. Nilianza na jina lako, kisha jina lako na namba, kisha jina lako na namba na nyota, mpaka nikamaliza majina ya ukoo. Kuna kile kiduara kinachozunguka na kuzunguka wakati mtoto ana homa mikononi mwako. Kuna kilima cha nyuma ya kanisa nilichokuwa nakipanda nikiinua tableti juu nitafute rezo ya mtandao, nawe ukanicheka, "Mama, leo unaomba mvua?" Na kila walipoibadilisha kutoka huko kwao, walihamisha vitufe. Nalala kitufe cha kuhifadhi kiko kulia, naamka kiko kushoto, na pale pa zamani wameweka cha kufuta. Nilipiga namba ya msaada, sauti ikaniambia nikitaka Kiswahili nibonyeze tatu. Nikabonyeza tatu, ikarudia yote kwa Kifaransa.

Hayo nilikuwa nayasimulia na watu wanacheka, na mimi mwenyewe nacheka. Hasira ya namna hiyo inakwisha na kikombe cha chai. Siyo hiyo inayonitisha.

Tableti ilitaka tarehe ya kuzaliwa ya kila mtu, siku, mwezi na mwaka. Nani hapa anajua siku? Mama mmoja aliniambia alizaliwa mwaka wa mpunga mwingi. Mwingine, wiki ile maji yalipobeba daraja. Kwenye kaye nilikuwa naandika hivyo hivyo, na nilikuwa naelewa. Tableti haikutaka. Kisanduku kinabaki chekundu, hakikuruhusu kwenda mbele mpaka ukijaze. Nikamuuliza msimamizi, akasema, "Andika tarehe moja mwezi wa kwanza, mwaka ukadirie, songa mbele." Nikasonga mbele. Kijiji kizima nikakizalisha siku moja, mimi ambaye wanawake watatu kwa siku wananitoa jasho.

Na majina yetu unayajua. Wewe mwenyewe nakuita Baba kwa sababu umebeba jina la baba yangu, na binamu zako wawili nao ni Sumaili, mkiitwa mnaitikia watatu. Ndivyo tunavyofanya, mjukuu anabeba jina la babu ili babu asipotee. Yule bibi Feza wa zamani alikuwa na wana wawili, na kila mmoja akamwita binti yake jina la mama yao. Ndio Feza wawili wa hapa, wote Feza Ramazani kwa jina la babu yao. Mmoja tunamwita Feza wa Mto, kwa sababu ameolewa kule chini mtoni. Mwingine ni Feza wa Soko. Hakuna mtoto wa hapa anayeweza kuwachanganya. Lakini kwenye tableti walikuwa jina moja, kijiji kimoja, tarehe moja ya mwezi wa kwanza, na mwaka mmoja niliokadiria mimi.

Kwenye kaye ya zamani, karibu na jina la Feza wa Mto, kulikuwa na maneno kwa biki nyekundu: asipewe penisilini, alivimba uso. Aliyaandika yule muganga mzee aliyenitangulia. Niliyahamisha kwenye tableti neno kwa neno, nikaweka kaye kabatini.

Kiangazi kilipoanza walituma mabadiliko mapya. Tangu siku ile ikawa inaniuliza kila asubuhi: hawa wawili wanaonekana kuwa mtu mmoja, niwaunganishe? Ndiyo ilikuwa kubwa, ya kijani. Chini yake, kwa herufi ndogo za majivu, kulikuwa na Baadaye. Nikabonyeza Baadaye asubuhi nyingi. Kisha siku moja nilikuwa na mwanamke wa uchungu, amenishika blauzi anavuta, na mimi nataka tu kuona damu yake ni ya aina gani. Swali likaja likajaza kioo chote. Baadaye walikuwa wameiondoa. Kulikuwa na Ndiyo na Hapana. Nikabonyeza Hapana, ikanitaka namba za vitambulisho vya wote wawili. Kitambulisho gani? Mwanamke akapiga kelele. Nikarudi nyuma nikabonyeza Ndiyo.

Ikaniandikia asante.

Yule mwanamke alijifungua vizuri, mtoto ana afya, wewe ndiye uliyemletea mama yake uji. Nikasahau. Ningekuwa nimewaambia hata Feza wenyewe, "Jamani, leo nimewafanya mtu mmoja," tungecheka na mmoja wao angenikumbusha. Sikusema kwa mtu.

Haikupita wiki mbili, Feza wa Mto akaja na mguu. Alikuwa amejikata kwa jembe shambani, kidonda kimetunga usaha, homa juu. Nikafungua jina lake. Pale pa dawa zinazomdhuru paliandikwa: hakuna. Baba, nilisikia kitu. Sitaki kukudanganya kwamba sikusikia. Kitu chekundu kilipita kichwani mwangu, wino tu, bila maneno, na nikasimama na sindano mkononi. Na Feza naye akasema, kwa adabu yake ile, "Mama Muganga, kuko sindano moja ya zamani ilinitesa sana. Haiko hii?"

Kabati lilikuwa hatua tatu kutoka nilipokuwa. Halina hata kufuli.

Nikageuza tableti nikamwonyesha, mtu ambaye hajui kusoma. Nikamwambia, "Angalia, mama, humu inasema hakuna." Akatazama kioo, akanitazama mimi, akanyoosha mkono. Aliniamini mimi, siyo tableti.

Sitakuelezea yote. Midomo ilivimba kwanza, kisha macho, kisha nikasikia pumzi yake inapiga filimbi kwenye koo. Nilikuwa na ampule moja tu ya dawa ya kuokoa, nikaivunja vibaya nikajikata kidole. Ile alama uliyoniuliza, nikakwambia ni kisu cha jikoni, ndiyo hiyo. Dawa iliingia. Jua lilipokaribia kuzama alikuwa anapumua kama mtu.

Pale pale ningesema. Mumewe Assani aliingia na ndugu zake wawili, wakamwona uso ule, wakashtuka. Wakauliza amekula wapi. Feza akasema amekula mboga ya sombe kwa mke mkubwa. Ndugu wakatazamana. Assani akanigeukia. "Mama Muganga, iko sumu ao haiko sumu?"

Nikasema, "Sijui bado."

Nilikuwa najua. Wakati nasema, kaye ilikuwa tayari wazi ndani ya kabati. Nilikuwa nimeifungua Feza alipoanza kutulia, na maneno mekundu nilikuwa nimeyasoma kwa macho yangu mawili.

Asubuhi yake wakatoa vitu vya mke mkubwa nje. Ni Mama Zaina, yule aliyekuwa anakuita mkwe ukiwa mdogo kwa sababu Zaina alizaliwa wiki moja na wewe. Sufuria, mikeka, kuku wawili wamefungwa miguu. Hakuna aliyempiga, wala hakuna aliyemuaga. Alipita hapa maternite na kitinda mimba wake mgongoni, akasimama mlangoni, akasema, "Mama Mwamini, wewe umesoma. Waambie." Nikamjibu kwamba nina mgonjwa. Akangoja kidogo, kisha akachukua njia ya Salamabila.

Sasa nakwambia kwa nini, na hapa ndipo ninapoogopa kuliko pote. Wiki ile msimamizi alikuwa amesema majina ya vijana yatatoka, na vituo vyenye matatizo watu wake hawatachukuliwa. Nilijiambia, jina la Sumaili lipite kwanza, kisha nitasema. Jina likapita. Nikajiambia, aanze kwanza kujiandaa. Kisha mvua ikaanza, njia ikaharibika, nikasema njia ikikauka. Kila siku ilikuwa na sababu yake, na kila sababu ilikuwa inaonekana ya maana. Hiyo nafasi yako ya Kindu, Baba, imekaa juu ya mgongo wa mwanamke mwenye kuku wawili. Hukujua, na wewe huna kosa lolote. Lakini nilikuwa naona aibu ukinishukuru.

Ripoti niliandika, usidhani sikuandika. Tableti ilinipa orodha ya sababu nichague: dawa zimekwisha, umeme umekosa, hitilafu ya programu, nyingine. Nilitafuta mahali pa kuandika kwamba muganga aliulizwa na mgonjwa akakataa kusikia. Hapakuwapo. Nikachagua nyingine, nikaacha nafasi wazi, ikaniandikia asante tena. Hakuna mtu aliyenipigia mpaka leo. Na Mama Zaina nilimtafuta kwa simu. Mara tatu nilipanda kilima, mara tatu yule mwanamke wa kwenye simu akaniambia namba haipatikani. Mungu anisamehe, kila mara nilishuka nimepata nafuu.

Kwa nini leo? Leo asubuhi Feza wa Mto alikuja kupimwa, ana mimba ya miezi minne. Nikiwa namfunga mkono kumpima presha, akaniambia ameletewa habari kwamba mke mwenzake yuko Salamabila, anapikia wachimbaji, na mtoto wake anakohoa. Akasema, "Ningependa kumuona dada yangu. Lakini ninaogopa mukono wake."

Nikakaa chini, Baba. Nikamwambia yote kama nilivyokuandikia wewe, na kaye nikaileta nikamwekea magotini, nikamwonyesha wino mwekundu. Hakulia. Alipitisha kidole juu ya yale maandishi asiyoyajua, kisha akaniuliza kama wewe unajua. Nikasema hapana.

"Nilikuuliza," akasema. "Nilikuuliza, Mama Muganga."

Afadhali angenitukana. Alijifunga kitenge vizuri akasema, "Assani tutamwambia wote wawili. Lakini kwanza enda umwambie dada yangu. Asisikie kwa mutu mwingine." Akatoka bila kupokea vidonge vyake vya kuongeza damu. Nimemtumia kwa jirani, sijui kama atavimeza.

Basi ndivyo mambo yalivyo. Naogopa Assani na ndugu zake, maana ni watu wema na nimewafanya wafanye ubaya. Naogopa msimamizi, kwa sababu ripoti mpya nimeiandika kwa mkono, jina langu juu na chini, na nimempa mwenye pikipiki aliyekuwa anakwenda kwake. Inaweza kukufikia. Wanaweza kukuita ofisini huko Kindu wakakuuliza mama yako ni nani. Useme ukweli, kwamba ulikuwa hujui. Wakikurudisha, rudi nyumbani. Inawezekana nitakuwa sina kazi, lakini nyumba itakuwepo, na shamba la mpunga lipo.

Usikatae kwenda kwa ajili yangu. Najua kichwa chako, umekichukua kwa babu yako, unaweza kushuka kwenye pikipiki hapo Kasongo ukasema nafasi hii haina baraka. Nenda. Nataka pale kuwe na mtu mmoja aliyekulia hapa. Siku moja watakukalisha mbele ya mashine wakuambie utengeneze swali la kuwauliza watu kama mimi. Weka mahali pa mtu kuandika kwamba hajui. Ile Baadaye, usimwondolee. Na mpe nafasi ya kuandika "Feza wa Mto", hata kama wakubwa wako watakwambia hilo siyo jina. Wewe utakuwa mbali, umekaa kwenye kiti, na umeme unawaka. Huku upande wa pili kutakuwa na mwanamke ameshikwa blauzi.

Lakini usinitetee mbele yao kwa kusema tableti ndiyo iliyokosa. Nimejitetea hivyo miezi yote hii, ndani kwa ndani, na haikunisaidia kulala. Tableti iliwaunganisha Feza wawili, ikabakiza maandishi ya Feza wa Soko. Feza mwenyewe alifungua mdomo akaniuliza, nami nikamwonyesha kioo. Siku ukisikia mtu anakuuliza jambo ambalo mashine yako imeshalijibu, nyamaza umsikilize. Hilo tu ndilo ninalolijua sasa, na nimechelewa kulijua.

Naogopa pia kwamba ukimaliza kusoma hutaniita mama kwa sauti ile ile. Nimeliandika hili ili lisibaki tumboni. Hasira yako ukiwa nayo, iwe nayo, sitakuharakisha. Ila nipigie hata kama ni kwa hasira. Nitapanda kilima kila siku baada ya kazi, ningoje. Kama kazi nitakuwa nayo bado.

Naisikia sauti yako njiani, unacheka na mtu. Nifunge haraka.

Kesho asubuhi tutanywa chai pamoja, nitakufunga sanduku, na nitacheka, maana sitaki ukumbuke uso mwingine. Pikipiki zitakuwa mbili uani. Nilikwambia ile ya pili inapeleka dawa. Ni yangu. Wewe ukishapotea kwenye kona ya njia ya Kasongo, mimi nitachukua ile ya Salamabila, na kaye kifuani ndani ya blauzi, na dawa ya kikohozi ya yule mtoto. Naogopa, Baba. Nimeshamwambia motari wa pikipiki hiyo anifikishe mpaka mlangoni kwa Mama Zaina, na asisimame njiani hata nikimlilia nishuke.

Mama yako,
Mwamini